Kamba Iliyolowa

Mkinikuta nimesimama kando ya barabara ya kupanda kilima cha Riat asubuhi, msinisalimie kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa. Naona mnavyofanya. Mnapunguza mwendo, mnatoa waya masikioni, mnasema, "Oyawore, Mama," kwa upole mwingi, halafu mnaendelea mkidhani nimekuja pale kupunga hewa. Mimi si mgonjwa. Nimekuja kusikiliza miguu yenu. Nikifumba macho najua nani anakanyaga kwa kisigino, nani viatu vyake vimekwisha upande wa nje, na nani hakulala vizuri. Wewe mrefu wa kofia ya buluu, bega lako la kulia linakaza ukianza kuchoka. Lilegeze. Hilo nimekupa bure.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Mama Chokaa, kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini nimechora njia za mbio katika viwanja vya nyasi vya Kisumu na vijiji vya karibu. Wachache ndio wanaojua kwamba kabla ya kushika mkebe wa chokaa nilikuwa juu ya njia hizo mimi mwenyewe. Nilikimbia mita elfu tatu. Jina langu ni Akoth, na nataka kuwaeleza habari ya muda mmoja nilioukimbia, dakika tisa na sekunde kumi na moja, jinsi ulivyonipeleka mbali na jinsi ulivyonivunja. Mnivumilie nikiruka huku na huku. Mambo hayanijii kwa foleni siku hizi.

Mbio zangu zilianzia Usenge, kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. Mama yangu alianika omena ufuoni juu ya nyavu kuukuu, na kazi yangu ilikuwa kuzilinda. Kuna ndege, kuna mbuzi, na zaidi ya wote kuna mvua. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Unaona weusi upande wa Uganda, unaanza kuhesabu, na kabla hujafika hamsini imeshakufikia. Mimi muda huo niko kwa shangazi nikicheza mchezo wa kati badala ya kulinda, kwa hiyo ilinibidi nitimue mbio kwenye mchanga hadi ufuoni nikunje nyavu zote kabla omena hazijaharibika. Nikichelewa, nilichapwa. Kocha wangu wa kwanza alikuwa fimbo ya mama, na sijapata mwingine aliyenipunguzia sekunde kwa haraka vile.

Nilipoanza kushinda mashindano ya shule watu walicheka. Mjaluo ni mpira, walisema, mbio waachie watu wa milimani. Lakini shirika moja hapa mjini lilikuwa na timu ya riadha, na siku hizo mashirika yaliajiri watu kwa sababu ya miguu yao. Mimi niliandikishwa kama karani wa mafaili. Faili lililopita mikononi mwangu sidhani kuna mtu aliyewahi kuliona tena. Walinivumilia kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa mbele.

Nilipanga chumba Kondele pamoja na Truphena, msichana wa Vihiga, karani mwenzangu asiyejua mafaili. Alikimbia mita elfu tatu kama mimi. Mungu amlaze pema, ametuacha miaka kadhaa sasa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuukimbia mji huu. Saa kumi na moja alfajiri alinivuta blanketi akisema, "Akoth, amka. Jua ya Kisumu haina huruma na mtu mvivu." Na ni kweli. Nyinyi mnaoanza mazoezi saa mbili eti mnangoja chai ichemke, mnajidanganya. Joto la hapa linakula miguu kabla hujatokwa na jasho. Saa moja na nusu uwe umeshamaliza, umeoga, na unatafuta uji. Tena msinywe maji mengi kwa mara moja baada ya kukimbia. Kunyweni kidogo kidogo, mkitembea. Truphena alikunywa jagi zima siku moja akatapika juu ya viatu vya kocha, na kocha alikuwa amevivaa.

Sasa niwatambulishe mtu wa tatu, kwa sababu bila yeye sina hadithi. Mzee Odera alikuwa mchoraji wa njia za mbio katika uwanja wetu. Tulimwita Mzee ingawa alikuwa wa miaka arobaini na kitu, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyinyi mmezoea uwanja uliotandikwa raba laini, mistari imekwishachorwa kiwandani. Wakati wetu uwanja ulikuwa nyasi tupu, na kabla ya kila mashindano Mzee Odera alianza upya. Sehemu iliyonyooka aliipima kwa tepu ya chuma. Kwenye kona alipigilia kigingi katikati, akafunga kamba ndefu ya katani, akaivuta hadi ikakaza, kisha akatembea nusu duara akimwaga chokaa pale mwisho wa kamba unapoishia. Ni hivyo tu. Kamba ikiwa sahihi, raundi ni mita mia nne. Sisi wakimbiaji hatukuwahi kuifikiria kamba ile hata siku moja. Nani anafikiria kamba?

Wiki ya mashindano ya mkoa mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Ijumaa nilimwona Mzee Odera katikati ya uwanja, amejifunika gunia la plastiki kichwani, kamba inaburutwa kwenye nyasi zilizojaa maji. Chokaa inasombwa, anarudia. Tulimwonea huruma, tukamletea chai kwenye chupa. Usiku ule pia ilinyesha, na kamba ikalala uwanjani, kwa sababu alikuwa arudi alfajiri kumalizia kona ya pili.

Jumamosi mvua ikakatika. Hewa ilikuwa baridi, nadra sana kwetu, na chini palikuwa pameshikana vizuri kwa kuwa uwanja ule una mchanga. Nilivua viatu nikakimbia peku. Raundi saba na nusu. Truphena alinishika hadi ya sita, kisha nikasikia pumzi zake zikibaki nyuma. Nilipomaliza, watunza saa watatu walitazamana. Mmoja alitikisa saa yake akaiweka sikioni. Kisha wakasema: tisa kumi na moja.

Muda wangu bora kabla ya hapo ulikuwa tisa ishirini na sita. Mtu hapunguzi sekunde kumi na tano kwa asubuhi moja, lakini msichana wa miaka ishirini na mbili hataki kusikia habari hiyo. Na kulikuwa na dalili nyingine ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Siku hiyo karibu kila mtu alivunja muda wake. Truphena aliyekuwa wa pili alipunguza sekunde kumi. Hata wazee wa mita mia nane walikuwa wanakumbatiana. Tulisema ni baridi. Wakanitania kwamba Akoth ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, basi mvua imekuja kumsukuma mtu wake. Walinibeba mabegani hadi Kondele. Jumapili kanisani nikaombewa mbele ya watu wote, na mama yangu alisafiri kutoka Usenge na kuku wawili.

Kulikuwa na nafasi moja iliyobaki katika kambi ya timu ya taifa, ya mwenye muda bora kutoka mikoani. Msichana wa mkoa mwingine alikuwa na tisa kumi na tano. Nafasi ikawa yangu.

Kambi ilikuwa milimani. Wasichana wa huko waliniita Samaki, na hewa ilikuwa nyembamba hata kufunga kamba za viatu kulinichosha. Mbio za kwanza nikakimbia tisa ishirini na saba. Za pili, tisa ishirini na nne. Kocha mkuu, mtu mkali mwenye filimbi shingoni, alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniuliza, "Wewe, kule Kisumu ulikimbia na nini? Pikipiki?" Wakacheka wote. Nilicheka nao, usiku nikauma blanketi. Baada ya miezi mitatu nilirudishwa nyumbani. Waliandika kwamba nina kipaji lakini sina bidii.

Haya, mnajua mtu akiambiwa hana bidii anafanya nini. Niliporudi Kisumu nilianza kuitafuta tisa kumi na moja. Mazoezi mara mbili kwa siku, kisha mara tatu. Nilipanda Riat saa saba mchana, jua likiwa utosini, ili mwili ukome. Nilikimbia na homa. Nilikimbia na kisigino kinachouma asubuhi kiasi kwamba nilitambaa kwenda chooni, kisha kikipata joto kinanyamaza, nami najidanganya kimepona. Sikilizeni hapa, maana ndipo mnapoharibikiwa wengi. Kisigino kinachouma asubuhi na kunyamaza mchana hakijapona. Kinakuonya kwa adabu. Pumzika wiki tatu, na kocha akikasirika mlete kwangu.

Truphena aliona. Jioni moja alikalia kitanda changu akanishika mguu, akakibonyeza kisigino nikaruka. Akasema, "Akoth, hii taimu ilikufanyia nini? Mbona unaikimbiza kama mtu ameiba nguo zako?"

"Nilishaikimbia," nikamwambia. "Kitu nilishakifanya siwezi kushindwa kukifanya tena."

Alinisugua mguu kwa mafuta ya moto hadi nikalala.

Mwaka wa tatu nilifika fainali ya taifa, Nairobi. Truphena alikuwa hajafuzu ila alipanda basi la timu kuja kunishangilia. Nilikimbia vile ninavyojua, kichwa chini, bila kumtazama mtu. Nikamaliza wa tano. Tisa kumi na nne. Truphena aliruka uzio, akaja mbio mikono wazi, anapiga kelele jina langu hadi sauti imekauka, nami nikamsukuma. Nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili mbele ya watu. Nikaenda nyuma ya vyoo vya uwanja nikalia hadi basi la timu likapiga honi. Miaka mitatu ya kujiua, na bado niko sekunde tatu nyuma ya msichana niliyekuwa. Safari nzima ya kurudi sikumsemesha mtu.

Wiki chache baadaye, nikipanda Riat, nilisikia mlio kama mtu amevunja kuni kavu nyuma yangu. Niligeuka kumtazama. Hapakuwa na mtu. Kisha mguu ukanikataa, nikakaa chini barabarani nikijishangaa. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika.

Kuacha mbio hakuna anayekufundisha. Wanakufundisha kuanza, kuvuta, kumaliza, hata kuanguka, lakini siku ya kuacha unaachwa peke yako. Shirika halikuwa na haja ya karani asiyejua mafaili. Nilikaa chumbani Kondele na plasta hadi gotini nikisikiliza wenzangu wakitoka alfajiri. Mguu ulipona kwa namna yake, lakini mwili haukuambiwa. Mpaka leo, katika umri huu, saa kumi na moja macho yanafunguka yenyewe na moyo unaanza kwenda. Nikisikia miguu barabarani nahesabu hatua nikiwa kitandani. Nimezaa watoto wanne, nimezika mume, nina wajukuu, namshukuru Mungu. Hata hivyo nikisema nimetosheka nitakuwa nawadanganya. Natamani ile raundi ya tano, pale kifua kinapowaka na bado unajua unayo nyingine ndani. Hakuna chakula, wala wimbo, wala mtu aliyewahi kunipa kitu kinachofanana na hicho.

Aliyenitoa chumbani ni Mzee Odera. Alikuja mchana mmoja na mkebe mtupu wa chokaa mkononi, akasimama mlangoni asiingie.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "hiyo mguu inaweza kusimama?"

"Inaweza kusimama, Mzee. Kukimbia ndiyo haiwezi."

"Basi kuja unishikie kamba. Mimi macho yangu imezeeka, sioni kigingi."

Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa anaona senti iliyoanguka ng'ambo ya uwanja. Nilidhani ni huruma tu, nikamfuata, na sikujiuliza zaidi.

Kazi ile niliipenda, tena niwape siri zake kabla sijazisahau. Chokaa iloweke tangu jana yake, halafu uichuje kwa kitambaa chepesi, la sivyo mabonge yataziba mdomo wa mkebe na mstari utatoka kama wa mlevi. Ukichora usitazame mkono wako, tazama kigingi cha mbali na miguu itanyooka yenyewe. Msikubali mtu awashauri kumwaga oili chafu ili mstari udumu, nyasi zitakufa na mwaka ujao mtakuwa na vidonda vya udongo mahali pa njia. Na juu ya kamba, Mzee Odera alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mchezo nayo. Kamba ianikwe siku mbili kabla ya kuchora. Mvua ikinyesha, hakuna kuchora, hata mkuu wa wilaya aje apige magoti.

"Kwa nini, Mzee?" nilimuuliza mwanzoni.

"Wewe anika tu."

Nikaanika. Miaka yote nimeanika. Yeye alipostaafu nikabaki peke yangu, nami nikaendelea kuanika bila kujua sababu.

Hadi miaka mitatu iliyopita. Niliitwa kuchora uwanja wa shule moja ya msingi upande wa Bondo. Kamba ilikuwa nyuma ya pikapu, ikanyeshewa njiani tangu Kisumu. Mashindano yalikuwa kesho yake. Goti linauma, watoto wananitazama, nami nikajisemea, kamba ni kamba, nikachora.

Asubuhi akaja mwalimu wa michezo, binti mmoja mwerevu anayeitwa Awuor, na gurudumu lake la kupimia, lile linalosukumwa likihesabu mita. Alizunguka, akaja kwangu anakunakuna kichwa.

"Mama, hii raundi yako ni mia tatu tisini na tano."

"Hilo gurudumu lako lina njaa," nikamwambia. "Lizungushe tena."

Akalizungusha tena. Mia tatu tisini na tano. Nikalisukuma mwenyewe, huku nachechemea. Ikawa ile ile. Nilikasirika nikamwambia nimechora viwanja tangu mama yake hajaolewa. Lakini kufikia saa sita kamba ilikuwa imekauka juani, na nilipoifunga tena kwenye kigingi na kuivuta, mwisho wake ukapita nje ya mstari wangu wa jana karibu hatua nzima. Katani ikilowa hunenepa na kufupika. Ndiyo hiyo sababu. Nilicheka kwa sauti, nikamwita Awuor aje aone ujinga wangu.

Kisha nikaacha kucheka. Akilini nilimwona Mzee Odera wa Ijumaa ile, na gunia la plastiki kichwani, na kamba inayoburutwa kwenye maji. Nikakaa chini katikati ya uwanja. Awuor alidhani ni jua, akaniletea maji.

Jumapili baada ya ibada nilienda Nyalenda, kwa Mzee Odera. Anakaribia miaka themanini, na sasa macho yamezeeka kweli. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha mbao. Mkaza mwanawe akaniletea chai, nami sikuigusa.

"Mzee," nikasema, "kamba ya mashindano ya mkoa ilikuwa imelowa."

Hakuniuliza mashindano gani. Alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Ilikuwa imelowa," akasema.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu yake. Nilirudi kuchorea watoto wa shule, kamba imekauka. Laini mpya ikaenda nje ya ile ya Jumamosi. Nikasimama pale kwa uwanja kama mwizi."

"Na ukanyamaza."

"Jumamosi walikubeba. Jumapili wakakuombea kanisani. Jumatatu nikuje niseme nini? Ningefutwa kazi, na wewe ungenyang'anywa kambi. Akoth, ungekuwa mimi ungesema?"

"Ningesema!" Nilipiga kelele hadi mkaza mwana akachungulia. Leo sina hakika kama ningesema. Lakini siku ile nilitaka kumvunjia kile kikombe kichwani. "Nilikuwa nakimbiza kitu ambacho hakipo, Mzee! Miaka mitatu! Mguu wangu umekatikia pale Riat kwa sababu yako!"

"Nilikuona ukipanda mchana," akasema kwa sauti ya chini. "Mara mbili nilikuja Kondele hadi kwa mlango. Mara zote mbili nikasikia wewe na Truphena mnacheka, nikarudi. Halafu mguu ikakatika. Sikuwa na kitu ya kukupa, Akoth. Nilikuwa na kamba tu."

Nililia pale mbele yake. Sikumsamehe siku ile, na sitaki kuwadanganya kwamba nilimsamehe. Nimekuja kumsamehe polepole, kama kiatu kipya kinavyozoeleka, na bado kuna siku kinaniuma.

Nilipojifuta machozi nikamuuliza kitu kimoja nilichokuwa nimekuja kukitafuta. Nilitaka kujua nilikuwa na mbio kiasi gani. Mtu ana haki ya kujua hilo kuhusu miguu yake mwenyewe.

"Ilipungua ngapi?"

"Mita tano kila raundi. Nilipima na tepu mara mbili."

Nikachukua fimbo yake nikapiga hesabu kwenye udongo. Mita tano mara saba na nusu ni mita thelathini na saba na nusu. Kwa mwendo wangu wa siku ile, hizo ni sekunde saba. Kwa hiyo tisa kumi na moja haikuwa tisa kumi na moja. Ilikuwa tisa kumi na nane. Nafasi ya kambini ilikuwa ya yule msichana mwenye tisa kumi na tano, ambaye hata jina lake silijui. Popote alipo, nilikalia kiti chake, na samahani yangu haina anwani.

Nilirudisha fimbo nikitaka kuondoka. Mzee Odera akanishika mkono.

"Na ile ya Nairobi? Fainali. Ulikimbia ngapi?"

"Tisa kumi na nne. Nilikuwa wa tano."

"Ile uwanja ilipimwa na chuma," akasema. "Hakuna kamba pale. Hiyo ni yako."

Nilitazama namba kwenye udongo. Kumi na nane. Kumi na nne. Nikazitazama tena kama mtu asiyejua kusoma. Siku ile nyuma ya vyoo nilidhani nimebaki sekunde tatu nyuma, kumbe nilikuwa nimesogea nne mbele. Tena Nairobi, kwenye hewa ile nyembamba, kwa kisigino kile. Ile ndiyo ilikuwa mbio bora ya maisha yangu, na hakuna aliyeifurahia, kwa sababu mwenye mbio alikuwa analia.

Nilitoka kwa Mzee Odera nikiwa sijui nakanyaga wapi. Hatua chache kutoka kwake kuna bomba la maji ambako wanawake hupanga madumu, na njia ni nyembamba, lazima upite katikati yao. Nilipofika pale nikasimama. Nikainua mikono yote miwili juu, nikiwa na gauni la kanisani, kilemba kimeenda upande, machozi yananitiririka. Wanawake wakaacha kuongea. Wengine walidhani nimepandwa na kitu.

"Yawa, Mama!" mmoja akaniita. "Umeshinda nini?"

"Sijashinda," nikamwambia. "Nimekuwa wa tano."

Wakacheka, na yule aliyeniuliza akanipigia kigelegele kirefu, bila kujua ni cha nini. Nilikipokea. Nilisimama na mikono juu mpaka kikaisha.

Lakini, watoto wangu, ningetoa kigelegele kile na vyote nilivyo navyo nirudi dakika moja tu nyuma ya vyoo vile vya Nairobi. Si kukimbia. Kukimbia nimeshakubali kwamba kumeniacha. Ningemshika bega yule msichana anayelia, nikamwambia amekimbia vizuri kuliko siku zote, ajifute kamasi, atoke upesi, kwa sababu Truphena bado amesimama pale uwanjani na hajui amekosa nini.